Mguu Niliompimia Halima

Siku yangu ya kwanza kazini Garissa nilipewa ndoo na gunia la plasta, nikaambiwa nikoroge. Mkuu wa Karakana, mtu mfupi asiyecheka, alichovya kidole akasema, "Huu ni uji wa mgonjwa. Mwaga, anza tena." Nilimwaga mara nne. Jioni ngozi ya mikono ilikuwa imekauka na kupasuka, na nikarudi chumbani nikijiuliza kama mama yangu alinisomesha kwa ajili hiyo. Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya viungo bandia. Msidhani naisimulia kwa majigambo. Nimechoka, na ninyi vijana wa karakana ndio mlioning'ang'ania niandike.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini wengine hawaijui. Mtu aliyekatwa mguu hubaki na kisiki, yaani ile sehemu iliyosalia. Unakizungushia bendeji ya plasta, ikishika unaivua na kuijaza plasta nyingine, unapata sanamu ya kisiki. Sanamu hiyo unaichonga kwa tupa, kisha unaifunika kwa plastiki iliyolainishwa ndani ya oveni. Hapo unapata soketi, kikombe ambamo kisiki kinakaa. Chini yake unafunga bomba, na chini ya bomba unyayo wa mpira. Mwisho ni kulenga: mgonjwa anatembea, wewe umechuchumaa nyuma yake na ufunguo mdogo, unageuza skrubu nne za kwenye kifundo mpaka mguu usimame sawa. Soketi mbaya huleta kidonda. Ukikosea kulenga, unaangusha mtu.

"Mguu bila kiatu haujakamilika," Mkuu wa Karakana alipenda kusema. Shirika lililotuajiri lilikuwa likituletea viatu vyeusi vya kamba, vyenye kisigino cha unene wa vidole viwili. Kila mgonjwa alilengewa mguu akiwa amevivaa. Mimi nililishika hilo kama aya.

Baadaye nilihamishiwa Banissa, kisha Bute, huko kaskazini, tukipima watu chini ya turubai. Mgongo wangu uliharibikia kwenye barabara zile. Huko nilikuwa chini ya Afisa wa Nyanjani, mama mkali aliyetukataza kumwita mtu yeyote "kesi". Siku moja alinikuta nimeshughulika na kisiki cha mzee mmoja bila hata kumsalimu. "Huyu ana jina, ana kwake na ana kazi," aliniambia. "Muulize kwanza." Nikamjibu ndiyo mama, nikaendelea kupima. Ujana nao!

Niliporudi Garissa nilikuwa Mkuu wa Karakana mwenyewe, na juu yangu alikaa Mratibu wa Mradi, kijana wa tai aliyependa ripoti. Ndipo akaja Halima. Alikuwa mke wa mfugaji wa ngamia, aliumwa na nyoka akiokota kuni, na mguu ukakatwa chini ya goti. Mumewe, Abdi, alimleta na kukaa naye siku zote za kupimwa, jambo ambalo si waume wengi hulifanya. Nikamtengenezea mguu. Alipotembea nao kwenye sakafu ya saruji, na kiatu chake cheusi kikimeremeta, Mratibu alipiga makofi na kumpiga picha.

Wiki mbili baadaye wakarudi. "Fundi, hii mguu inaangusha bibi yangu," Abdi akasema.

Nikamwambia Halima atembee. Akatembea vizuri, huku na huko. "Unaona? Mguu uko sawa," nikasema. "Una hofu tu, dada."

"Hapa iko sawa, adeer," Halima akajibu, akiniita baba mdogo kwa heshima ya Kisomali. "Nyumbani inanitupa nyuma. Nilianguka mbele ya wanawake wote. Wakacheka, mimi pia nikacheka, lakini niliona aibu."

Sikumuuliza alianguka akifanya nini. Niliandika kwenye kadi yake: *Mguu uko sawa. Mgonjwa hana bidii.* Mratibu akatia sahihi.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwa wafugaji wale nyumba ni ya mke. Yeye ndiye huifungua, huipakia juu ya ngamia, na huijenga upya wanakofika: vijiti vilivyopindwa, mikeka juu yake, kamba za kukaza. Mke asiyeweza kuijenga hana nyumba, na mumewe hulala kwa jamaa. Kwa hiyo Halima hakuwa akitaka mguu wa kupigiwa picha. Alitaka kuhama na watu wake.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa mlangoni mwa msikiti, navua viatu. Kisigino kikashuka, na akili ikanijia. Ya Rabi! Mguu niliulenga juu ya kisigino cha kiatu. Mtu akikivua kile kiatu, unyayo unashuka nyuma, goti linasukumwa nyuma, mwili wote unakwenda chali. Na Halima angeingiaje nyumbani kwake na kiatu? Angesalije nacho? Angepandaje juu ya mkeka? Mimi Mpokomo, Muislamu, navua viatu mara tano kwa siku tangu utoto. Nilimpimia mtu wa kwetu mguu wa kuingilia ofisini.

Jumatatu Abdi alikuja peke yake. Mratibu alikuwa amekaa na wageni kutoka Nairobi, akiwaonyesha ile picha ya Halima. Abdi hakuketi. "Fundi, niambie kweli. Mvua imenyesha upande wa Wajir, tunahama Alhamisi. Huyu mtu ataweza ama hataweza?"

Mratibu akanitazama. "Fundi, mguu una tatizo?"

Ilikuwa nusu saa ya kazi na ufunguo mmoja. Ningesema tu: kosa ni langu, mlete leo. Lakini wageni walikuwa wanatabasamu, na kadi ilikuwa na mwandiko wangu. "Hapana, bwana," nikasema. "Anahitaji mazoezi."

"Siku ngapi?" Abdi akauliza.

"Miezi."

"Sawa. Nimesikia," akasema, akatoka. Alhamisi wakahama. Halima akaachwa kwa shangazi yake mjini.

Nilingoja wageni waondoke, ndipo nikaenda kwa huyo shangazi na ufunguo mfukoni, kama mwizi anayerudisha kuku. Nikamvua Halima kiatu, nikalenga mguu upya akiwa peku. Akapanda mkeka, akashuka, akapanda tena. Alicheka mpaka machozi. "Adeer, umefanya nini?"

"Marekebisho ya kawaida tu," nikamwambia.

"Kumbe ni mimi nilikuwa sijui kutembea!"

Nikarudisha ufunguo mfukoni, nikaaga. Walikohamia hakukuwa na mtandao wa simu, Abdi hakupatikana, na kufikia mvua nyingine habari zilikuja kwamba Abdi ameoa mke mwingine wa kumjengea nyumba. Halima alilia siku nyingi. Kisha akajiunga na wenzake wenye ulemavu, wakaanza kujenga nyumba zile zile za mikeka kwa ajili ya mapambo ya harusi. Mwanamume mmoja wa kiti cha magurudumu hupinda vijiti, msichana asiye na mkono hupanga rangi, na Halima hufunga kamba za juu akiwa peku, kwa fimbo yenye ndoana aliyoibuni mwenyewe. Siku hizi harusi kubwa mjini haifanyiki bila wao. Watu husema shirika letu liliwasaidia. Sisi tulikuwa tumeshafunga virago.

Nilistaafu nikiwa na kifua cha vumbi la plasta na cheti cha pongezi. Kupumzika nako ni kazi, kwa sababu huna tena pa kukimbilia ukiyakwepa mawazo yako. Mwezi uliopita nikashindwa. Nikaenda kwa Halima, nikamkuta anasuka mkeka, nikamwambia yote: kiatu, msikiti, wageni, kadi.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. "Miaka yote hii nimewaambia watu mguu ulikuwa mzuri," akasema, "mimi ndiye nilikuwa mjinga." Akafuta mikono, akachukua simu, akabonyeza. "Mwambie Abdi. Mwambie vile umeniambia."

Nikamwambia Abdi. Nilisema bila kujipunguzia. Upande wa pili nilisikia ngamia wakilia na upepo.

"Fundi," akasema, "mbona hukusema ile siku? Mimi ningengoja. Mvua ni ya Mungu, ingenyesha tena."

Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa. Halima alikuwa ameketi kando yangu, akasikia kila neno.