Jedwali Lenye Komeo Moja

Mutindi ndiye aliyeandika programu ya kompyuta za ushirika wa mbegu pale Mukuyuni. Mwaka wa 1996, mvua ya Novemba ikikaribia, makarani wakawa wanabonyeza na kungoja, wanabonyeza na kungoja. Nje wakulima walijaa mpaka barabarani, macho yao yakiwa mawinguni.

Meneja, Bwana Mathenge, akaagiza kompyuta kubwa yenye prosesa nne, yaani bongo nne za kufanya kazi kwa pamoja. Ilipowashwa, kazi haikwenda mbio hata kidogo.

"Mutindi, hii mashine ni mpya. Mbona inajikokota?"

Mutindi akaketi mbele ya skrini asubuhi nzima. Karani alipotoa mbegu, programu iliifunga kwanza rekodi ya mbegu hiyo ili karani mwingine asiiguse. Kufuli hizo zote ziliandikwa katika jedwali moja, na jedwali lilikuwa na komeo moja tu, hivyo aliyeandika humo aliwazuia wengine wote. Karani wa ndengu na wa mahindi hawakugombania kitu, lakini walisukumana kwenye mlango uleule. Prosesa nne zilikuwa zinangojana.

"Hatukukosa nguvu," akamwambia Mathenge. "Mlango ndio mwembamba."

Akaligawa jedwali vipande kumi na sita, kila kimoja na komeo lake, na namba ya rekodi ikawa ndiyo inayoamua kufuli iandikwe katika kipande gani. Jumatatu kazi ikatiririka, makarani wakacheka. Halafu skrini zikaanza kuganda, moja baada ya nyingine. Wakulima wengine walitaka mbegu za aina mbili, basi karani mmoja alikuwa ameshika kipande cha tatu akitaka cha tisa, mwenzake ameshika cha tisa akitaka cha tatu. Hakuna aliyeachia, na wengine wakarundikana nyuma yao.

Mama yake Mutindi, Syokau, alikuwa kwenye foleni. Akachungulia dirishani.

"Mwanangu, hiyo kompyuta yako imemeza mbegu zetu?"

Watu wakaangua kicheko. Mutindi alitamani ardhi ipasuke.

"Nivumilie kidogo, Mama."

Akazima kila kitu, akaongeza sheria moja: anayehitaji vipande viwili aanze na chenye namba ndogo, ili wawili wasije wakangojana tena. Akawasha. Karani akabonyeza, risiti ya Syokau ikatoka papo hapo.

"Ni hivyo tu?" akauliza mama.

"Ni hivyo tu, Mama."

Syokau akajitwika ndengu zake, akaondoka mbio. Shamba lilikuwa bado halijalimwa.