Siku Nilipobembeleza Nilipishwe Shule ya Bure

Siku moja ya Septemba haijanitoka kichwani, mwanangu. Redio ilikuwa imetangaza kwamba shule ya msingi ya Serikali sasa ni bure kwa sheria. Binti yangu Kavira alikuwa na miaka tisa na hajawahi kukaa darasani hata siku moja, maana nilikuwa nimewalipia kaka zake tu. Hilo ni kosa langu, sitalifunika.

Hata hivyo nilimzuia. Nilimwambia mama yangu, “Leta, hii Serikali yetu, haitoake kitu ya bure. Batatuletea deni mwisho wa mwaka.”

Mama akavaa kitenge chake cha kanisani. “Weye bakia na woga yako. Mutoto anaenda.”

Nikawafuata hadi shule yetu ya hapa Vulamba nikinung’unika njia nzima. Mlangoni kwa mkurugenzi wa shule kulikuwa na foleni ya wazazi.

“Nilipe wapi, mukubwa?”

“Hapana kulipa, papa. Ni sheria.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

“Basi munipe karatasi yenye inasema sikulipa.”

Mama mmoja nyuma yangu akapaza sauti: “Papa, kama feza inakuwasha, lipia na batoto bangu!” Foleni nzima ikacheka, mama yangu akiwa wa kwanza. Kavira akaingia darasani.

Lakini sheria ilikuwa imefika shuleni kabla ya bajeti. Jina la mwalimu wake, kijana Muhindo, halikuwa kwenye orodha ya mishahara. Wazazi tumekatazwa kulipa, Serikali nayo haijalipa. Akasema anakwenda Oicha kuchuma kakao, na darasa lingefungwa.

Mama yangu akatuambia wazazi, “Mwalimu iko na shamba, na siye tuko na majembe.” Basi kila Jumamosi tukamlimia maharagwe yake, akina mama wakiimba. Mimi niliimba kwa nguvu kuliko wote na kulima vibaya kuliko wote. Tulivuna misimu miwili kabla jina lake halijatokea. Siku hiyo mwalimu alicheza uwanjani mpaka kiatu kikarukia juu ya bati, na watoto wakakataa kurudi darasani.

Mama alifariki mwaka jana. Bado nikitoka kanisani nageuka kumsubiri. Siku ya maziko, Kavira ndiye aliyesoma Neno, bila kukwama hata mara moja. Nililia, na katikati ya kulia nikajikuta natabasamu.

Basi, mwanangu, sheria ya kumsaidia mtoto wako ikitangazwa, usikae nyumbani na mashaka yako. Mshike mkono, binti sawasawa na kaka yake, uende ukaulize. Bajeti ikipitishwa, uliza kama jina la mwalimu wenu limo, kwa sababu tangazo la redio halifundishi mtoto kusoma. Serikali ikichelewa, mwendee mwalimu na jembe, lakini usiache kuidai Serikali haki ya mwalimu.

Mungu akupe watoto wanaosoma kwa kelele, mwalimu aliyeshiba, na mtu wa kukucheka unapokosea.