Bi Verlene na Jezi ya Themanini na Nne

Bi Verlene Stuckey alifua jezi za timu ya Korongo miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutazama mechi ya besiboli mpaka mwisho. Alisema haina haja. Ukitaka kujua nani kacheza, tazama suruali. Yenye majani makalioni, huyo alianguka akikimbiza mpira. Iliyo safi, huyo alishinda benchini akitafuna mbegu za alizeti. Na soksi za warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira, hazikubebwa na mtu. Zilitembea zenyewe mpaka kwenye mashine, na zikifika zilipiga hodi.

Kila Februari Korongo waliikimbia theluji ya kwao wakashuka mjini Okalee, Florida, kufanya mazoezi, wachezaji sitini na watatu wakigombea nafasi ishirini na sita. Hadi mwisho wa Machi, Kocha Buford Tallant aliwapunguza kidogo kidogo kama anayechambua mchele. Wala hakuanza kwa kumwambia mchezaji. Alianza kwa Bi Verlene. Alfajiri mama huyo alikuta karatasi imebandikwa kwenye mashine ya kufulia, ina namba tupu: jezi hizi zisitundikwe. Mchezaji akifika na kukuta kabati lake halina jezi, hahitaji kuambiwa. Anakwenda ofisini kwa kocha, anapewa mkono wa kwaheri, anafunga mabegi.

Mwaka huo alikuwepo Delmar Pruitt, mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kinyago cha chuma usoni. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na magoti yake yalilia kama mlango wa ghala. Mara nane alikuja Okalee, mara nane akarudishwa kwenye timu ndogo za kusafiri kwa basi kutwa nzima. Jezi yake ilikuwa ya themanini na nne, na namba kubwa hivyo hupewa mtu ambaye hakuna anayetarajia akae. Alikuwa amemwahidi mkewe, Rhonelle, kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Akikosa, anarudi Georgia kuuza matairi dukani kwa baba mkwe.

Kila jioni aliingia chumba cha kufulia, akafunga barafu magotini, akala karanga za kuchemsha za Bi Verlene huku akimkunjia taulo, pembe kwa pembe, bila kuombwa. Katika miaka ishirini na miwili hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kukunja hata kitambaa cha pua.

"Mwaka huu naingia, Bi Verlene."

"Kila mwaka unaingia, mwanangu. Mabegi tu ndiyo yanatoka."

Siku nne kabla ya orodha kufungwa, karatasi ilikuwa na namba tano, na ya mwisho ilikuwa themanini na nne. Bi Verlene aliisoma. Akavaa miwani akaisoma tena, ikawa ileile.

Sasa, Kocha Tallant alikuwa na udhaifu mmoja uliojulikana Florida nzima: hamfukuzi mtu aliyekwisha vaa jezi. Zamani alimfukuza mrushaji aliyekwisha funga vifungo vyote mpaka shingoni. Timu ikapoteza mechi kumi na tisa mfululizo, paa la uwanja likang'oka, na kuku wa kocha mwenyewe wakagoma kutaga. Tangu hapo, ukimwahi kuvaa, siku hiyo ni yako.

Bi Verlene akaitundika themanini na nne. Kwanza akaipiga pasi.

Delmar alifika, akavaa, akapiga mluzi. Kocha alipotoka na kahawa yake akamwona, akasimama akimimina kahawa kiatuni asijue. Moja kwa moja akaenda chumba cha kufulia kuuliza kama karatasi yake ilionekana.

"Karatasi niliiona," alijibu Bi Verlene. "Miwani ndiyo sikuiona."

Siku ya pili kocha aliandika namba kubwa kama sahani. Bi Verlene alimwonyesha uji mweupe ndani ya mashine, akasema karatasi iliingia na mashuka. Siku ya tatu kocha alidamka kabla yake, akaichukua jezi yenyewe, akaifungia kwenye droo na kutia ufunguo mfukoni. Alisahau kwamba anayefua jezi za Korongo ndiye pia anayezishonea namba. Delmar alipofika, themanini na nne ilikuwa inaning'inia, bado ina joto la pasi.

Ubaya ni kwamba Delmar mwenyewe hakuwa anasaidia. Siku ya kwanza alipunga gongo la kupigia hewani mara tatu bila kuugusa mpira, akatolewa. Siku ya pili ikawa vilevile, na gongo likamponyoka likapindua sinia la muuza soseji. Lakini siku ya tatu ilikuwa zamu ya mrushaji Lyle Haskett, ambaye mpira wake hauzunguki. Unaelea, unasita, unageuka kama kipepeo aliyelewa. Mdakaji kijana aliyependwa na kocha aliudaka kwa kidevu. Mpira wa pili ukampita ukampata mwamuzi mahali ambapo mwamuzi hafai kupatwa, akalala chini akimwita mama yake. Kocha alitazama benchi zima, akamwona mdakaji pekee aliyebaki, akamnyooshea kidole kwa uchungu. Delmar aliidaka mipira yote mpaka mwisho, polepole, kama anayetoa mayai chini ya kuku mkali.

Asubuhi ya mwisho kocha alikuja mwenyewe, bila karatasi.

"Miaka yote hii, mama, sikujua kwamba cheo chako kinazidi changu."

"Hukuuliza."

"Themanini na nne leo usiitundike."

Bi Verlene aliweka pasi chini. Akamwambia basi atafute na mfuaji mwingine, na soksi za warushaji aanze kuzifua yeye.

"Ningojee nimalize," alisema kocha, akaweka mezani jezi mpya na vipande viwili vya kitambaa vya namba, moja na tisa. Mtu wa Korongo halisi havai namba ya mpita njia. Na Haskett alikuwa ameapa kuwa bila mdakaji yule harushi hata jiwe.

Bi Verlene alikuwa ameshona moja tu Delmar alipoingia na begi begani, macho mekundu. Kabati lake lilikuwa tupu. Alikuja kushukuru kwa karanga.

"Weka begi chini," alisema Bi Verlene, "unishikie kitambaa, tisa bado sijaishona."

Akashika. Akaona jina lake mgongoni mwa jezi. Akaketi juu ya kapu la taulo mbichi, akampigia mkewe, na Rhonelle akamuuliza kama amekunywa. Ikabidi simu apewe Bi Verlene atoe ushahidi.

Delmar alivaa, akatoka kifua mbele kwenda uwanjani. Mlango ulipofungwa, Bi Verlene alimhadithia Rhonelle zile siku tatu zote, mpaka droo na ufunguo wake. Wanawake hao wawili walicheka hadi mashine ikamaliza kufua, wakakubaliana mume asiambiwe. Mpaka leo Delmar anaamini kocha alimpenda tangu siku ya kwanza.