Mbeya Nne

Poda ya mtoto ndiyo inayonivunja moyo. Wenzangu mkiinusa mnakumbuka kitoto kilichotoka kuogeshwa. Mimi namkumbuka mama akipangusa karata. Juzi binti yangu alimfungulia mjukuu wangu kopo jipya, harufu ikanifikia pale nilipokaa, nikainuka nikaenda jikoni kujifanya natafuta maji. Bibi mzima nalia kwa ajili ya poda.

Kwetu Mbeya, miaka ile ya hamsini, pakiti ya karata haikuwa kitu cha kununua ovyo. Zilishikwa na mikono ya jasho na mafuta ya maandazi mpaka zikagandana. Hapo mama huzitandaza mkekani, akazinyunyizia poda, akazifuta moja moja kwa kipande cha kanga kuukuu mpaka ziteleze. Mimi kazi yangu ilikuwa kuzihesabu zitimie hamsini na mbili, na ole wangu nikute moja nimeikalia.

Baba alikuwa karani wa posta. Mchezo wa briji aliutoa Bama, katika Vita vya Pili vya Dunia, alikofundishwa na karani wa Kihindi walipolazwa pamoja hospitalini. Wenzake walirudi na makoti. Yeye alirudi na briji. Na baba hakujua kupenda kitu nusunusu. Akaanzisha chama cha wachezaji wa Tanganyika nzima, yeye akiwa katibu, ofisi ikiwa meza yetu ya kulia chakula. Msicheke, chama kilikua. Siri yake ilikuwa uhamisho. Makarani, madresa wa hospitali na walimu walihamishwa kila mara, na sheria ya baba ilisema mwanachama akihamishwa aondoke na pakiti, na huko aendako afundishe watu watatu. Wakitimia wanne, hilo ni tawi. Watatu si tawi, hata walie. Wa Chunya walikaa watatu zaidi ya mwaka wakiandika barua za kuomba, na baba akawajibu kwa adabu zake zote kwamba meza ina pande nne.

Basi siku moja Mbeya yenyewe ikabaki na watatu. Mwalimu aliyekuwa wa nne alihamishiwa Tabora, wakabaki baba, dresa mmoja wa Kinyakyusa na fundi cherehani jirani yetu. Baba alizunguka mji mzima akitafuta mtu, akakosa. Ndipo mama, aliyekuwa akizipangusa karata hizo miaka yote na kuusikiliza mchezo kutoka mlangoni, akasema, "Baba Zena, acha nikae mimi mpaka umpate huyo mtu wako."

Huyo mtu hakutafutwa tena. Mama alizikumbuka karata zote zilizokwisha kuchezwa, kama alivyokumbuka nani alifika msibani na nani hakufika. Kila mwezi tawi moja liligawa karata, likaandika kila mkono, yaani karata za kila kiti, kwenye karatasi na kuipeleka kwa posta, ili matawi yote yacheze karata zile zile na kurudisha majibu. Majina hayakuandikwa, ila tawi na namba ya kiti. Baba alikuwa Mbeya Moja. Mama akawa Mbeya Nne. Haikupita muda, barua kutoka Iringa zikaanza kuuliza huyo Mbeya Nne ni nani, maana anaona hata nyuma ya karatasi. Baba alimsomea mama barua hizo kwa sauti, wakacheka wote wawili mpaka mama akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Niwaeleze kidogo mchezo wenyewe. Briji huchezwa wawili kwa wawili, mwenzio mnatazamana. Kabla ya kucheza, kila mmoja hutangaza kwa zamu anachokitaka, nawe huna budi kumngoja mwenzio aseme, uyapime maneno yake, ndipo useme lako. Nyumbani baba hakuwa mtu wa kumwuliza mkewe neno. Aliamua, tukasikia. Lakini Jumapili baada ya alasiri, mezani, alimngoja. Mama aliniambia siku moja akinisuka, "Pale mezani, Zena, baba yako ananingoja niseme." Nilikuwa na miaka minane. Niliona anazungumzia mchezo tu, nikalalamika kwamba ananivuta nywele.

Ukafika mkutano mkuu wa kwanza, Iringa. Tulipanda basi la shirika la reli alfajiri na baridi yake, Chimala tukala wali, na vumbi la njiani likatufanya wote tuwe na nyusi za wazee. Ndani ya basi baba alitugeukia akasema kwa sauti ya chini, "Wakiuliza, Mbeya Nne anaumwa." Mama aligeukia dirishani. "Haya," akasema.

Mkutano ulifanyika sebuleni kwa mfanyabiashara mmoja. Mama alipelekwa uani na wanawake wengine kupika pilau. Mimi nilikaa mkekani miguuni kwa baba. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu kutoka Dar es Salaam, alisimama na pakiti mpya ambayo haijafunguliwa. Akasema ni zawadi ya mchezaji bora wa matawi yote, Mbeya Nne. Watu wakapiga makofi. Baba akasema mgonjwa atafikishiwa zawadi yake, na kila mtu akamwombea afya.

Sikuweza. Harufu ya vitunguu vya mama ilikuwa inaingia mlangoni. "Haumwi," nikasema. "Ni mama. Yuko jikoni."

Zikazuka kelele, kisha mtu akasema aitwe acheze tuone. Mama akaja, mikono bado ina maji, akaketi kumkabili baba. Karata zilikuwa zetu za nyumbani, zenye poda. Mama alitangaza, baba akaitikia, mama akauchukua mchezo. Ukiuchukua unacheza peke yako. Mwenzio hulaza karata zake wazi mezani akanyamaza mpaka mwisho. Baba akalaza zake. Mama akacheza, akashinda, na hata waliokunja nyuso walitikisa kichwa kwa jinsi alivyoshinda.

"Mchezo anaujua, hilo hatubishi," akasema mwenyekiti. "Lakini ikisikika tunakaa meza moja na mke wa mtu, kesho nani atakuja?" Matawi mawili yakasema yatajitoa. Karani mmoja wa mahakama, Mhehe wa hapo Iringa, akasema, "Mimi huyu mama amenifunga kila mwezi, na bado namtaka." Wakabishana weee. Mwisho mwenyekiti akamgeukia baba. "Katibu, chama umekianzisha wewe, na mke ni wako. Sema wewe."

Baba alizitazama karata zake pale mezani. Mama alimtazama baba. Alikuwa anamngoja, na mimi nilimngoja, na nilijua kabisa atasema, kwa sababu hakuna siku baba aliyokosa la kusema.

Hakusema. Alichukua kalamu akaandika kwenye daftari la chama. Alikuwa na mwandiko mzuri, na mimi nilikuwa najua kusoma. Aliandika: Mbeya Nne amefutwa.

Mama alikusanya karata, akazigonga mezani zikalingana. "Pilau litaungua," akasema, akatoka. Pakiti mpya ilirudi Dar es Salaam bila kufunguliwa.

Tuliporudi, Mbeya ilikuwa na watatu, na watatu si tawi. Katibu wa chama cha nchi nzima akawa hana pa kuchezea, kwa sheria yake mwenyewe. Dresa naye akahamishwa, watu wakaanza kwenda mikutano ya siasa, barua zikapungua mpaka zikakoma. Jumapili moja baba alitandika kitambaa mezani akasema, taratibu, "Mama Zena, njoo tucheze wawili tu." Mama alikuwa anachambua mchele. "Mimi si mwanachama, Baba Zena," akasema, bila hasira, akaendelea kuchambua. Walikaa pamoja miaka mingi baada ya hapo, mama akimpikia na kumuuguza, lakini poda hakuinunua tena.

Miaka yote hiyo niliamini ni mdomo wangu uliomtoa mama mezani. Sikumwambia mtu. Mama alipofariki, arobaini ilipokwisha na watu wakaondoka, nilimwambia baba. Alikuwa mzee sana, macho yameingia ukungu.

"Wewe ulisema kweli, mwanangu," akasema. "Aliyengojwa aseme ni mimi."

Ndipo nikaelewa alichonieleza mama akinisuka, na nikaelewa wale wanaume wa Iringa hawakuwa wamemwumiza hata kidogo.

Baba akaniomba nimtolee lile daftari sandukuni. Mende walikuwa wamekula pembe zake. Akalisogeza karibu na uso, akatafuta ukurasa wa Mbeya, akaandika jina la mama, ambalo halikuwahi kuandikwa humo hata mara moja, lote zima: Mwanahawa binti Saidi. Kisha akaiweka kalamu, akainua uso akatazama upande wa pili wa meza, alikokuwa akikaa mama, akangoja.