Chuo Nisichokiulizia

Posa ya dada yangu ilipokuja, mama alipita mlango kwa mlango mtaani kwa mwanamume, akimuulizia. Nilipochagua chuo cha uuguzi mjini Tanga, aliniambia, "Nacho kakiulizie kwa majirani." Nikamjibu kwa ukali, "Mama, kwani naolewa?"

Nilipohitimu, hospitali ikakikataa cheti changu: chuo hakikusajiliwa. Muuza vitumbua wa mbele ya geti la chuo akaniambia, "Sisi tulijua zamani. Nani alituuliza?"

Mama sikumwambia. Juzi jirani yetu hapa Mwera alikuja kumtafutia binti yake chuo. Mama akanyoosha kidole ukutani, kwenye cheti changu: "Mpeleke alikosoma nesi wangu."

Ikabidi niseme palepale, mbele ya mgeni, kidole cha mama kikiwa bado juu.