Soli Nene Ndani ya Gunia la Viatu

Siku yangu ya kwanza kufungua belo, pale Kilosa mjini, mwenye mzigo alinichapa mkono kwa sababu nilikimbilia gauni.

"Gauni halina miguu, litakungoja. Anza na mifuko!"

Belo ni furushi la mtumba lililokazwa kwa mikanda. Ukiikata, linaumuka kama unga uliotiwa hamira. Kazi yangu ilikuwa kuchambua: chaguo la kwanza huku, la pili kule, mabovu kwenye kiroba. Mifukoni nilikuta funguo za nyumba za watu, rozari, jino la mtoto limefungwa kwenye karatasi. Mara moja pete ya dhahabu. Ilikwenda kwa mwenye mzigo, maana nguo ambayo haijauzwa, kilichomo ni chake. Ndiyo sheria.

Nyinyi mnaotaka kuingia kazi hii huwa mnaniuliza habari za pete. Mimi nitawapa habari za kiatu.

Nilihamishiwa Mikumi, meza ya viatu kando ya barabara kuu, chini ya msimamizi mmoja mpenda mizaha. Viatu huja kwa magunia, vimechanganyikana. Unatafuta jozi, unafuta, unajaza karatasi ndani visibonyee. Binti yangu alikuwa akicheza chini ya meza. Mguu wake wa kushoto ni mfupi, akitembea bega linazama. Kila nilikompeleka niliambiwa viatu vya kumfaa vipo, ila si huku. Si huku, ni wapi? Hakuna aliyenijibu.

Siku moja nimetoka kununua chai, nikamkuta msimamizi anacheka peke yake.

"Umekosa kituko, mama. Viatu vya mtoto, kimoja soli ya kawaida, kingine nene kama tofali! Wazungu nao wanalewa kiwandani."

"Viko wapi?"

"Kwa fundi. Nimemwambia akate, vilingane."

Nilimwachia chai mkononi, nikambeba mtoto, nikakimbia. Fundi viatu alikuwa mzee, anakaa karibu na lango la soko. Kisu mkononi, soli imeshakatwa.

"Umefanya nini? Nani kakwambia ukate?"

"Marahaba," alisema, ingawa sikuwa nimemwamkia.

"Shikamoo! Umekata kiatu cha mwanangu!"

Akamtazama mtoto. "Mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Kiatu kinene kilikuwa cha kulia. Ungemtembeza kinyumenyume?"

Nililia, na ilikuwa hasira. Mzee akaokota kile kipande alichokikata, akakiweka chini, akamsimamisha mtoto mguu wa kushoto juu yake. Bega likapanda mno. Akachonga, akapima tena. Mimi nimepiga magoti nyuma, macho kwenye mabega. Akachonga kidogo tena.

Mabega yakakaa sawa. Sikuwahi kuyaona hivyo tangu nimzae.

Akakibandika kipande chini ya kiatu cha kushoto, akazungushia uzi. Msimamizi alipokuja kuulizia mali yake, mzee hakuinua hata kichwa. "Ulitaka kulingana? Tazama mabega ya mtoto." Mpenda mizaha akaviacha viatu, akaenda zake.

Mtumba nimeuacha. Vumbi la nguo lilinipa kikohozi, nikastaafu katika umri ambao wengine ndiyo wanaanza. Hasira sijaiacha. Kipande cha raba, kisu na mtu mwenye macho vilikuwepo hapa hapa miaka yote, na hakuna aliyeniambia. Na huwa namwaza yule mama wa mbali, wa mtoto mwenye mguu mfupi wa kulia. Kamba za vile viatu zilikuwa zimefuliwa. Basi msicheke kitu cha ajabu kabla hamjajiuliza kilitengenezwa kwa mwili wa nani.

Vile viatu vimeshambana. Fundi amemjengea vingine. Siku hizi nikimwita akaoge, ananikimbia. Namfukuza mpaka uani kwa jirani, nafoka njia nzima, na simpati.