Dawati la Karibu na Mlango

Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa nikiuliza swali moja kwa namna mbalimbali: watoto wasiofanana wakiwekwa darasa moja, wanakaa na nani? Nimeliuliza kwa hojaji, kwa mahojiano, kwa kusimama nyuma ya madarasa na daftari hadi miguu ikavimba. Limenipa uprofesa, nyumba ya chuo na safari za nje. Watu wakiniuliza nilianzaje, huwajibu kwamba nilianzia Kariakoo, halafu nabadilisha mazungumzo. Leo sibadilishi.

Nilikuwa mhadhiri msaidizi, mwembamba, mwenye mdomo na haraka nyingi. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu nilipokuwa msichana yalikuwa yamefurika redio na sabuni za kunukia, mitumba haikufichwa tena chini ya kitanda, na kila mwenye chumba cha mbele alikitoboa dirisha akawa muuza duka. Wakubwa zangu chuoni walibishana juu ya uchumi. Mimi nilitaka kujua ruksa hiyo itawafanya nini watoto waliozoea kuchanganywa.

Nilichagua shule moja ya msingi nyuma kidogo ya soko, jengo la ghorofa lililojengwa zamani na Wahindi kwa ajili ya watoto wao kabla serikali haijalitaifisha. Katika darasa la tano walikuwamo watoto wa Kihindi wa maduka ya vitambaa, watoto wa Kichaga ambao baba zao walikuwa wameshuka kutoka Kilimanjaro na sasa waliuza kwa jumla, watoto wa Kizaramo wa hapohapo na wa Magomeni, na wachache wa Jangwani, ambao mvua ikinyesha walikuja na viatu mkononi. Mwalimu wao wa darasa, mama wa makamo mwenye sauti ya kutosha uwanja mzima, aliyepanda nao tangu darasa la kwanza, aliwakalisha kwa utaratibu mmoja tu. Kila Januari aliwapanga kwa urefu, wafupi mbele na warefu nyuma, watatu kwa dawati, wala hakujali mtu ni mtoto wa nani.

Kwa utaratibu huo binti mmoja wa Kihindi na binti mmoja wa Jangwani walikuwa wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, kwa sababu walikuwa wakirefuka sawasawa. Wa tatu wao alibadilika kila mwaka, wao hawakubadilika. Mmoja alileta chevda, ule mchanganyiko mkavu wa Kihindi wa kutafuna, kwenye kopo, mwenzake alikuwa moto wa hesabu, basi kopo na daftari vilikaa katikati na kila mtu alijihudumia. Niliwapenda kabla sijawaandika popote.

Ijumaa moja niligawa karatasi. Kila mtoto aandike majina ya wenzake watatu ambao angependa kukaa nao. Niliwaambia kwa sauti ya kitaalamu kwamba ni siri, hakuna atakayejua zaidi yangu. Binti wa Kihindi hakuwepo.

"Mwenzako yuko wapi?" nilimuuliza yule wa Jangwani.

"Wana sikukuu kwao, mwalimu. Diwali. Atarudi Jumatatu."

Ningeweza kungoja Jumatatu. Niliandika "hayupo" kwenye daftari langu nikaendelea.

Saa ya kutoka mvua ya vuli ilikuwa imeanza na mwavuli sikuwa nao. Sikutaka karatasi zangu zilowe, hivyo nilimwomba mwalimu wa darasa anitunzie bahasha kabatini hadi Jumatatu. Aliipokea kwa mikono miwili. "Usijali," alisema, "nitalifanyia kazi." Mtu wa kwetu akikwambia atalifanyia kazi jambo, unajua halitafanyika. Nilikimbilia kituoni bila wasiwasi wowote.

Jumatatu nilipofika mlangoni mwa darasa lile nilipigwa na butwaa, na sina neno jingine. Darasa lilikuwa limegawanyika mafungu kama nyanya sokoni. Watoto wa Kihindi wote walikuwa upande wa dirishani, penye upepo. Wa Kichaga walishika mbele, wanne wanne kwenye dawati la watatu, wamebanana na wanacheka. Wa Magomeni, wa Kariakoo na wale wengine wa Jangwani walikuwa katikati. Na pale karibu na mlango, kwenye dawati zima peke yake, alikaa binti wa Jangwani. Nyumba yao ilikuwa imeingiliwa na maji mwisho wa wiki, sketi yake ilikuwa na mstari wa tope uliokaukia, na mtu yeyote asiyejua angedhani ametengwa kwa ajili hiyo.

Mwalimu alinijia amekunjua uso. "Umeona? Jumapili yote nimeshinda napanga, hata kanisani sikwenda."

"Nani amekuambia uwapange?"

"Si maagizo hayo? Barua ya kibali uliyokuja nayo ina muhuri wa wizara. Umewauliza wanataka kukaa na nani, mimi nimewakalisha."

"Na yule?"

"Yule hakuna aliyemwandika," alisema, na sauti yake haikujua kunong'ona. "Nimezipitia mara mbili."

Binti alisikia. Darasa zima lilisikia. Yeye aliendelea kuchonga penseli yake kwa wembe, polepole, hadi ikabaki fupi ya kushikwa kwa kucha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hadi leo likinijia huwa nasimama hapo nilipo. Sikumwambia mwalimu awarudishe. Sikuenda kwenye lile dawati. Nilikaa nyuma ya darasa, nikatoa daftari na kuanza kuchora ramani ya madawati, fungu kwa fungu, kwa furaha, kwa sababu tangu nianze kazi sikuwahi kuona darasa likijieleza waziwazi namna hiyo. Nilihesabu kwanza. Naandika hivi na bado siamini kwamba mtu huyo ni mimi.

Binti wa Kihindi alichelewa siku hiyo. Aliingia akaenda moja kwa moja mahali pake pa zamani, akakuta pana watu wengine.

"Wewe nenda kule dirishani kwa wenzako," mwalimu alimwambia kwa upole.

"Mwenzangu yule pale," alisema akionyesha mlangoni.

"Nimesema dirishani. Haya, nenda." Akaenda dirishani.

Wakati wa mapumziko nilimwita uani nikampa karatasi yake. Aliiweka juu ya paja na kuandika jina la binti wa Jangwani mstari wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, akikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

"Sasa tutarudi kukaa pamoja?"

"Nitazungumza na mwalimu," nilimjibu.

Nilizungumza naye Alhamisi, nilipokuwa nimemaliza kuchora. Kwa wakati huo mkaguzi alikuwa amepita na kulisifu darasa kwa utulivu wake, na mwalimu mkuu alikwisha kuyataka madarasa mengine yaige. Nilijaribu kueleza kwamba nilitaka kujua tu, sikutaka lolote lifanyike. Mwalimu alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Yaani ulimuuliza mtoto anachotaka ili umnyime?"

Kwa kuwa nilikuwa mjinga mwenye elimu, niliondoka nimekasirika. Januari binti wa Kihindi alihamishiwa shule mpya ya binafsi iliyofundisha kwa Kiingereza. Wenzake wa dirishani walimfuata mmoja mmoja, na fungu lile likafutika.

Makala yangu ya kwanza ilikuwa na jedwali, na chini kabisa ya jedwali kulikuwa na mtoto ambaye hakuchaguliwa na mtu. Wasomaji waliipenda sifuri ile. Waliijadili kwenye mikutano, na ilinipandisha cheo. Karatasi ya binti wa Kihindi sikuihesabu, maana ilipokelewa baada ya zoezi kufungwa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ilikuwa sababu safi kabisa ya kitaalamu.

Miaka mingi baadaye, tayari naitwa profesa, nilikwenda Mchikichini kutafuta viatu vya mitumba vya kutembelea. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga brashi kiatu alinyanyua uso.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Hunikumbuki. Nilikuwa nakaa karibu na mlango."

Alinivutia kigoda, akaniambia aliishia la saba, kwamba biashara haiko mbaya, kwamba hesabu bado zinamsaidia. Alisema yote hayo bila chuki, na ingekuwa nafuu kwangu kama angenitukana.

"Nina swali moja tu, mama. Yule mwenzangu aliporudi ulimpa karatasi pale uani. Niliwaona. Hivi alimwandika nani?"

"Wewe," nilisema.

Brashi ikasimama. "Na nani wengine?"

"Wewe tu. Mistari yote mitatu."

Aligeuzageuza kiatu, kana kwamba kina kasoro aliyokuwa hajaiona.

"Mimi nilijua kaandika wenzake," alisema. "Siku aliyokuja kuaga alinifuata pale mlangoni na kopo lake. Nikageukia ukutani. Alisimama weee, hadi baba yake akamwita." Alikiweka kiatu chini. "Mbona hukuniambia?"

Nilifungua mdomo. Jibu lililonijia lilikuwa lile la kwenye vitabu, kwamba niliwaahidi watoto siri. Nililimeza. Majibu ya darasa zima yalikuwa yameanikwa juu ya madawati kila mtu akayaona, na katika yote yale, siri niliyoitunza ilikuwa hiyo moja.